Jicho la Kamera Juu ya Bonde la Sironga

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo yachapishwa hapa kwa agizo la Kamati



Najua ya kuwa wengi wenu, mlipoona katika orodha ya shughuli za leo maneno "Habari za Wapiga Picha", mliuliza moyoni: Je, Chama cha ustawi kina shauri gani na picha? Taarifa ya Mweka Hazina tumekwisha kuisikia. Tumesikia habari za karo za watoto, za mazishi, na za wanachama waliochelewa kulipa ada. Hiyo ndiyo kazi ya Chama. Picha, kwa fikira za watu wengi, ni jambo la arusi, au ni mchezo wa vijana wenye wakati wa kupoteza.

Nami siwalaumu wafikirio hivyo, kwa maana ndivyo nilivyofikiri mimi mwenyewe. Lakini naomba mnivumilie kitambo. Nitaeleza kwanza tulivyofanya kazi yetu, kisha tulivyokosea, na mwisho nitaleta mbele yenu shauri moja lihusulo maji tunayokunywa sote, na shamba moja ambalo si la jirani, bali ni la nyumba yetu wenyewe.

JINSI TULIVYOANZA

Vijana wa hapa kwetu waliunda klabu ndogo ya wapiga picha. Wachache wana kamera. Wengine wana simu tu. Ilipotupasa kuchagua siku za kutoka, tuliona ya kuwa wenzetu wengi hushika Sabato siku ya Jumamosi, na wengine huenda misa siku ya Jumapili. Basi tukachagua sikukuu za Serikali, ambazo hazina ugomvi wa dini. Matembezi ya kwanza yalikuwa Manga, juu ya ule ukingo mrefu wa mwamba, ambapo siku ya anga safi mtu huona nchi yote ya chini hata Ziwa Victoria. Ya pili yalikuwa Tabaka, mahali pachimbwapo na kuchongwa yale mawe laini ya Kisii yanayojulikana dunia nzima. Ya tatu yalikuwa hapa nyumbani, Sironga. Nayo ndiyo nitakayoyasimulia, kwa kuwa hayo mengine yalitufurahisha tu, lakini haya yalitusumbua.

Sina haja ya kuwaeleza wazee Sironga ni nini. Lakini kitabu hiki husomwa na watoto wetu walio Nairobi na ng'ambo, wasioikumbuka vema. Basi kwa ajili yao nitasema maneno machache. Sironga ni bonde lenye kinamasi, katikati ya vilima vilivyojaa mashamba ya chai, ndizi na mahindi. Maji ya mvua huteremka kutoka miinukoni, hufika bondeni, na badala ya kukimbia upesi hukawia kati ya mafunjo. Kinamasi huyanywa kama sifongo, kisha huyatoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Taka na udongo uliochukuliwa na mvua hutulia humo, na maji yatokayo huwa safi kuliko yalivyoingia. Hapo ndipo mafunjo ya kuezekea na kufumia mikeka yalipokatwa, na udongo wa vyungu ulipochimbwa; na ng'ombe walishushwa huko nyasi zilipokauka juu. Sasa watu tumekuwa wengi, na mashamba yamekuwa vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima hata penye maji. Kila mrithi hutaka kipande chake kifike bondeni, naye ana sababu.

PICHA PANA

Kamera ya kawaida ni kama mtu atazamaye nje kwa dirisha dogo. Huona mlango wa jirani, lakini hauoni mtaa. Watu wamejaribu kwa muda mrefu kupanua dirisha hilo. Mwaka wa 1787 mchoraji mmoja, Robert Barker, alipata hati ya Serikali ya Uingereza ya kulinda ugunduzi wake wa mchoro uliomzunguka mtazamaji pande zote. Na mwaka wa 1793 alifungua London jumba la mviringo kwa ajili ya michoro ya namna hiyo. Mchoro huo ukaitwa panorama. Baadaye wapiga picha wakaufuata mwendo huo. Kamera iitwayo Cirkut, iliyopata hati yake mwaka wa 1904, ilizunguka yenyewe juu ya kiweko chake, huku filamu ikivutwa ndani kwa mwendo uleule. Ilipendwa sana kwa picha za shule nzima. Na watoto watundu, waliposimama mwisho wa mstari, walikimbia nyuma ya wenzao kabla kamera haijafika upande wa pili, wakatokea katika picha moja mara mbili!

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na simu yoyote. Walakini picha pana iliyo nzuri ina adabu zake, nasi tulizijifunza kwa kukosea. Picha yetu ya kwanza ya bonde ilionyesha mbingu yenye viraka kama shuka kuukuu, kwa sababu tuliiacha kamera ijichagulie kiasi cha nuru kila mara; ilipoelekea jua ilipunguza, ilipoelekea kilima ikaongeza. Tena ng'ombe mmoja, aliyekuwa akitembea wakati tulipokuwa tukizungusha kamera, alitokea na miguu sita. Watoto waliokuja kututazama walicheka sana, nao walikuwa na haki.

Basi tukaanza tena kwa utaratibu. Kwanza, kiasi cha nuru huwekwa mara moja tu na kufungwa, kisha hakiguswi mpaka picha ya mwisho. Pili, kila picha hurudia theluthi moja ya picha iliyotangulia, ili zipate kuunganishwa bila pengo. Tatu, kiweko cha miguu mitatu husimamishwa sawasawa kwa pima maji ya mwashi, ama sivyo upeo wa nchi utapanda na kushuka kama mawimbi. Nne, kamera huzungushwa juu ya nukta iliyo chini ya lenzi, wala si chini ya kiwiliwili chake. Jambo hili la nne laonekana dogo, lakini ndilo gumu. Mkitaka kulijua, inueni kidole gumba mbele ya uso, mfumbe jicho moja, kisha jingine. Mtaona kidole kinahama, na hali hamkukisogeza. Ndivyo nguzo ya ua iliyo karibu inavyohama mbele ya mti ulio mbali, lenzi inapotoka mahali pake. Na hapo picha hazikubali kuungana.

Mtauliza, taabu yote hii ya nini? Jibu ni kwamba picha nyembamba humtii mpigaji. Nikitaka kuwaonyesha ya kuwa bonde letu ni zuri, nitachagua kona moja ya mafunjo. Nikitaka kuwaonyesha ya kuwa limeharibika, nitachagua shimo moja la matofali. Picha zote mbili zitakuwa za kweli, nanyi mtakuwa mmedanganywa mara mbili. Lakini picha pana huchukua shamba la tajiri na la maskini, la mwenyekiti na la mwanachama, la rafiki na la yule tusiyesalimiana naye. Mpigaji hana nafasi ya kuruka shamba la mtu, wala shamba lake mwenyewe.

NURU ISIYOONEKANA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baadhi ya mama zetu walidhani ni uganga. Mwaka wa 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, huko Uingereza, aliipasua nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu ikatoa rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto katika kila rangi ili ajue ipi ina joto zaidi. Kisha akaweka kimoja kando ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona nuru yoyote. Na hicho ndicho kilichopanda kuliko vyote. Hivyo akajua ya kuwa iko miale upande wa pili wa nyekundu ambayo Mungu hakulipa jicho letu uwezo wa kuiona. Miale hiyo huitwa infraredi.

Mwaka wa 1910 Mmarekani Robert Wood alitangaza picha za mashamba na miti zilizopigwa kwa miale hiyo. Majani yalikuwa meupe kana kwamba yameangukiwa na theluji, na mbingu ilikuwa nyeusi. Sababu yake si uchawi. Jani bichi huimeza nuru nyekundu na ya buluu ili lijitengenezee chakula, na kijani hulirudisha kidogo, ndiyo maana twaliona kijani. Lakini infraredi hailifai kitu. Hupenya ngozi ya jani, hukutana na vijumba vidogo vya ndani na nafasi za hewa, ikatupwa huku na huku, nyingi yake ikarudi nje. Kwa hiyo jani lenye afya hung'aa sana katika picha hiyo. Maji, kinyume chake, huimeza miale hiyo, nayo hutokea meusi kama wino. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi yaliitumia habari hii: turubai lililopakwa rangi ya kijani lilimdanganya rubani, lakini filamu ya infraredi ilitenga rangi ya kopo na majani ya kweli.

Zamani kazi hii ilihitaji filamu ya pekee, iliyoharibika upesi kwa joto. Kamera za siku hizi huihisi infraredi zenyewe, na watengenezaji huweka kioo ndani ili kuizuia. Mwaweza kujaribu nyumbani: chukueni kile kidude cha kuwashia televisheni, mkielekeze kwenye kamera ya simu, mbonyeze. Katika simu nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, mtaona cheche ambayo jicho halioni. Katika klabu yetu tulipata kamera kuukuu. Fundi akaondoa kile kioo cha kuzuia, nasi tukafunika lenzi kwa kichujio kinachoonekana cheusi tititi, lakini hupitisha miale iliyozidi nanomita 720. Jicho la binadamu huona toka nanomita 400 hata 700 hivi.

Ilitupasa kuamka mapema. Katika nchi yetu mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri, na mvua hufuata; bila jua infraredi huwa hafifu. Ilitupasa vilevile kusahihisha lenzi, kwa maana miale hiyo haikutani mahali pale pale penye nuru ya kawaida. Lenzi nyingi za kale zina alama ndogo nyekundu kwa kazi hiyo.

MZEE ALIYETUZUIA

Tulipofika ukingoni mwa bonde na kusimamisha kiweko, mzee mmoja alitoka shambani mwake na panga mkononi, akatuuliza, "Ninyi ni watu wa nani?" Tukamwambia majina ya baba zetu. Akasema, "Baba zenu nawajua. Nauliza mmetumwa na nani."

Tukaona haya. Tulikuwa tumesalimu barabarani tu, wala hatukumwendea mtu hata mmoja kumwomba ruhusa. Yule mzee aliona miguu mitatu ya mti, na chombo juu yake, na kijana anayefumba jicho na kupima. Naye amekwisha kuona maishani mwake ya kuwa chombo cha namna hiyo kikisimama shambani, hufuatwa na vigingi, na vigingi hufuatwa na kesi. Hakuwa mjinga. Tulikuwa sisi wajinga.

Tuliketi naye chini, tukamwonyesha kamera. Aliangalia bonde katika kioo, lililo jeupe kwa majani na jeusi kwa maji, akakaa kimya. Kisha akatuonyesha kwa kidole mahali ambapo katika ujana wake hakuna aliyethubutu kupita kwa miguu, kwa kina cha matope. Katika kioo palikuwa peupe pote, maana yake majani matupu, hapana maji wazi. Akasema, "Nyinyi mmekuja kutazama. Mimi nilikuwa natazama siku zote, lakini sikuwa na kitu cha kuwaonyesha watu." Baada ya hapo alituongoza yeye mwenyewe nyumba hata nyumba, nasi tukaomba ruhusa kama ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo.

KOSA LANGU

Naomba sasa nikiri kosa la pili, lililo langu peke yangu. Tulipounganisha picha zote za infraredi zikawa panorama moja ndefu, niliona upande wa kusini doa kubwa jeusi. Nikafurahi, nikawaambia wenzangu ya kuwa maji bado yapo tele upande ule. Tulipoirudisha picha kwa wenyeji ili waione, mama mmoja mzee aliniuliza, "Mwanangu, unaita hayo maji?" Nikamjibu kwa ujasiri ya kuwa kila cheusi ni maji. Akacheka, akasema, "Hapo ndipo wajukuu wangu huchomea matofali. Hayo ni majivu na udongo ulioungua."

Alikuwa na haki. Ardhi iliyoungua, na kivuli kizito, na udongo uliolowa, vyote huwa vyeusi katika picha hiyo. Kadhalika weupe hausemi ni jani la namna gani. Chai, matete ya ng'ombe, na mikaratusi, vyote hung'aa. Mafunjo tuliyaona yakififia kidogo, kwa kuwa kati ya mashina yake mna maji na vivuli, lakini hata hapo ilitupasa kuhakikisha kwa picha ya kawaida na kwa miguu yetu. Tangu siku hiyo klabu yetu ina kanuni: kila mahali hupigwa picha mbili, ya nuru ya kawaida na ya infraredi, kwa saa ile ile, na hakuna atakayeandika maelezo chini ya picha kabla wenyeji hawajaisoma. Kamera huona nuru ambayo mama yule haioni. Lakini mama yule anajua kilicho chini ya ile nuru.

MIKARATUSI YETU

Sasa nafika pagumu. Tulipoziweka picha mbili pamoja, moja juu ya nyingine, jambo moja lilionekana wazi kuliko yote. Katika ya kawaida bonde lote lilikuwa kijani, likapendeza. Katika ya infraredi, pamoja na masahihisho ya wenyeji, tuliweza kufuata ule uzi mweusi wa maji kutoka upande mmoja hata mwingine. Na mahali fulani uzi ule ulikatika. Palipokatika palikuwa na msitu wa mikaratusi uliopandwa kwa mistari iliyonyoka. Nami niliijua mistari ile. Niliipanda pamoja na baba yangu nilipokuwa mtoto.

Mkaratusi si adui aliyetoka kuzimu. Ni mti wa Australia, ulioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya ishirini ili uwe kuni za garimoshi. Hukua upesi; hutoa nguzo, mbao, na kuni za viwanda vya chai. Marehemu baba aliupanda bondeni kwa sababu mahali pale palikuwa pa maji, hapakufaa mahindi, na watu wa wakati ule walisifiwa kwa kukausha kinamasi. Nguzo za mistari ile ndizo zilizonipeleka shule. Nikisimama hapa nikasema Kiswahili hiki, ni kwa sababu ya miti ile. Lakini mizizi yake hunywa maji mengi usiku na mchana, na yeyote aishiye chini yake hupata yale yaliyobaki.

Siwezi kuwaambia ya kuwa miti yetu peke yake ndiyo iliyokata maji. Juu yake kuna mashimo ya udongo wa matofali, na mitaro iliyochimbwa na watu wengi, na picha moja haihukumu kesi. Lakini picha ilinionyesha mahali pa kuanzia kuuliza, na swali la kwanza lilikuwa mlangoni petu.

Nilipeleka picha nyumbani. Mama aliitazama muda mrefu, akaniuliza, "Ukiikata yote, karo ya mdogo wako itatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Ndugu zangu wawili walisema nimeelimika hata nikaanza kuwashitaki wafu. Tuliongea siku nyingi. Mwishowe tulikubaliana kukata mistari ya chini iliyo karibu na maji, na visiki visiachwe vikachipua. Mistari ya juu ibaki mpaka mdogo wetu amalize masomo. Ndugu mmoja hajaridhika hata leo. Nawaambieni haya ili asiwepo mtu atakayesema ya kuwa wapiga picha walikuja kunyoosha kidole kwa wengine.

PICHA ZIFANYAZO KAZI

Nisidhaniwe ya kuwa twafanya jambo geni. Mlima Kenya una barafu iitwayo Lewis. Msafara wa Halford Mackinder uliopanda mlima ule mwaka wa 1899 ulirudi na picha na ramani. Na kwa kuzilinganisha na za miaka iliyofuata wataalamu wameweza kuonyesha, hatua kwa hatua, jinsi barafu ile ilivyopungua hata sasa imebaki kidogo sana. Mtu mmoja angeweza kubisha habari za mtu mwingine. Lakini mlima ule ule, kutoka mahali pale pale, haubishiki.

Na ile infraredi nayo ina kazi kubwa. Mwezi wa Julai, 1972, Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya mfululizo uitwao Landsat, yenye kupima nuru nyekundu na infraredi itokayo ardhini. Jani lenye afya hurudisha nyekundu kidogo na infraredi nyingi; jani linalokauka hupunguza tofauti hiyo. Kwa hesabu hiyo moja watu hupima ukijani wa nchi nzima. Mwaka wa 1975 kilianzishwa Nairobi kituo cha nchi za kanda hii cha kuchora ramani za mali ya asili, kinachotumia habari za namna hiyo. Na mwaka wa 2010, huko Marsabit, ilianzishwa bima ya mifugo ambayo haingoji ng'ombe ahesabiwe amekufa; hutazama ukijani uliopimwa kutoka juu, nao ukishuka chini ya kiwango, mfugaji hulipwa. Basi nuru ile ile iliyowashangaza mama zetu hapa Sironga hulisha watoto wa wafugaji kule kaskazini.

Pengine mtasema, ikiwa satelaiti zaona, sisi wa nini? Nukta moja ya Landsat ni mraba wa mita 30 kwa mita 30. Mashamba yetu mengi yana upana mdogo kuliko huo. Satelaiti huchanganya chai ya huyu, mikaratusi ya yule, na mtaro wa tatu, ikatoa rangi moja. Ni kamera iliyo juu ya kilima chetu, mikononi mwa mtu ajuaye majina ya mashamba, iwezayo kuvitenga.

MASHAURI

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako naweka mbele ya mkutano mashauri haya, nayo Kamati iyapime.

Kwanza. Chama kichague mahali patatu juu ya vilima vinavyolizunguka bonde, kwa ruhusa ya wenye mashamba, na pawekwe jiwe la alama. Kila mwaka, tarehe 1 Januari wakati wa ukavu, na tarehe 1 Juni baada ya mvua za masika, picha pana zipigwe kutoka juu ya mawe hayo, za kawaida na za infraredi, kwa saa ile ile ya asubuhi. Siku hizo mbili ni sikukuu, na watoto walio mbali huwa nyumbani.

Pili. Picha zitunzwe na Katibu, moja ya karatasi na moja katika kompyuta, zikiwa na tarehe, saa, mahali, na jina la mpigaji. Kila mwaka nakala itundikwe ukutani katika Mkutano Mkuu huu, ili wazee wazisome na kusahihisha. Masahihisho ya wazee yaandikwe chini ya picha, kwa maana yao ndiyo kumbukumbu ya miaka ambayo kamera haikuwapo.

Tatu. Picha zisitumiwe kamwe katika kesi za mipaka kati ya ndugu na ndugu, wala zisipewe mnunuzi wa ardhi, wala uso wa mtu au ua wa mtu usionyeshwe bila idhini yake. Yule mzee mwenye panga alitufunza jambo hili, nami naomba liandikwe katika kanuni za Chama.

Nne. Sheria ya mwaka wa 1999 ya kulinda mazingira, pamoja na kanuni za mwaka wa 2009 juu ya kinamasi na kingo za mito, zaagiza ukingo wa mto uachwe bila kuguswa, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kutoka pale maji yalipofika yalipojaa kabisa. Wengi wetu hatuijui sheria hiyo, na wanaoijua huogopa hasara. Basi Chama kifikirie mkopo mdogo, pamoja na miche ya miti isiyonyonya bonde, kwa mwanachama atakayekubali kukata mikaratusi ya ukingoni kwa hiari yake. Watu wetu walikuwa na risaga, kazi ya pamoja ya majirani, kabla Chama hiki hakijapata jina. Tukikata kwa risaga, na kupanda kwa risaga, hasara haitakuwa ya nyumba moja.

Wazee wetu, nimesema mengi. Wale wanaotaka kuiona panorama yenyewe, imetandikwa juu ya meza ndefu nyuma ya ukumbi, karibu na mahali pa chai. Kila mmoja atafute shamba lake. Akiona jeusi, asifurahi upesi. Akiona jeupe, asihuzunike upesi. Aje aniambie ni nini. Penseli ziko mezani.

Nami nakoma hapa.